Kuku wa Bi Harusi Wasifunguliwe Siku Hiyo Hiyo



Mfunguo Mosi umeingia na harusi zimefuatana, kwa hivyo leo tunasema na mabiharusi wanaokwenda kuishi shamba, hasa wanaokwenda na kuku wao. Wengi hupewa na bibi au shangazi mitetea miwili mitatu ya kuanzia maisha. Ni mali ya mwanamke mwenyewe, na sisi wafanyabiashara tunaijua thamani yake: mayai, vifaranga, na pesa ya kitambaa ambayo huhitaji kumuomba mtu.

Balaa ni pale kuku hao wanapofunguliwa siku ile ile ndani ya banda la mavyaa. Wiki haijaisha, kuku wanakoroma, wanaharisha kijani, wanapinda shingo, banda zima linateketea. Halafu anaangaliwa bi harusi: mke huyu ana nuksi! Sisi tunaoshona nguo za harusi tumeyasikia haya zaidi ya mara moja kwa wateja wanaokuja kupima, na yanatuudhi. Kumuona mtu ana mkosi ni tiyara, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Kilichoingia bandani ni mdondo, wengine wanauita kideri.

Ni ugonjwa wa virusi. Kuku anaweza kula na kuparura vizuri, kumbe anao; dalili hutoka baina ya siku 2 na 15, mara nyingi siku ya 5 au ya 6. Kumtazama siku ya kwanza ukasema huyu mzima ni kujidanganya. Na huenda wenye ugonjwa ni wa ukweni, wakafa wa kwako.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ilikuwa na maana yake, kuku azoee nyumba asirudi alikotoka. Lakini kwa hili haitoshi, na pengine inadhuru. Kuku wana ukubwa na udogo wao, kila mmoja anajua nani anamtangulia kwenye chakula, na mgeni hudonolewa mpaka pake pajulikane. Aliyefungwa uani katikati ya wenyeji hana pa kukimbilia, na akitoka damu ndipo wanapomwandama zaidi.

Sisi tunasema wageni watengwe siku 21, mbali na banda, na vyombo vyao wenyewe. Lisha wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha osha mikono na viatu, maana virusi hubebwa hata na kandambili. Wote wachanjwe, tone 1 jichoni, kila baada ya miezi 3. Daktari wa mifugo atakuelekeza. Chanjo haimponyi aliyekwisha ambukizwa wala haikingi siku ile ile, ndiyo maana hatuikubali ile hoja ya "wamechanjwa jana".

Siku zikitimia, waweke wiki moja nyuma ya wavu, waonane bila kufikiana. Kisha waingize usiku, wote pamoja, na uongeze vyombo vya chakula na maji. Ugomvi utakuja asubuhi, kwa hivyo ukimaliza Swala ya Alfajiri pita bandani. Kudonoana kidogo waache. Damu ikitoka, mtoe aliyeumizwa.

Mtu atasema mke mgeni hawezi kuingia nyumba ya watu akaanza kuamrisha mambo ya banda. Kweli, na mavyaa anaweza kuona kuku wake wanadharauliwa. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza ngamia wagonjwa wasiingizwe kwa wazima, basi pasiwe na wa kuona haya. Jambo hili alizungumze bwana harusi na mama yake kabla ya siku ya harusi, au somo alifikishe kwa adabu. Masomo wanatufundisha mengi, na hili tunaomba waliongeze. Na tenga la kuwatengea liende pamoja na mabegi, lisingoje kutafutwa kesho yake.