Kengele ya Shule na Saa ya Mwili

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini, Serikali iliamuru shule zifungwe. Kidato cha sita walirudi darasani tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Mengi yamesemwa juu ya masomo yaliyopotea katika muda huo. Machache yamesemwa juu ya usingizi.

Ndani ya ubongo wa kila binadamu mna saa. Saa hiyo huamua wakati wa kutolewa kwa melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kwa usiku. Kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24. Hivyo mwanga wa asubuhi, ukiingia machoni, hauna budi kuirekebisha kila siku. Kwa kijana aliyebalehe saa hiyo huchelewa zaidi, ingawa bado anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Kengele ya shule ilikuwa ikimtoa mtoto nje mapema, na safari ya kwenda shule ikampatia mwanga huo. Ilipokoma, saa ya mwili ilikosa msimamizi. Usiku wa Kyela katika miezi ya Machi na Aprili ni wa joto na mbu, na usingizi hauji upesi. Kando ya ziwa, taa za wavuvi wa usipa huwaka usiku wa giza. Kijana asiyengojewa na mwalimu asubuhi hana sababu ya kutokesha nao, au na simu.

Lakini kosa si la watoto peke yao. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwachunguza wanafunzi 139 kabla na baada ya masomo kuhamishiwa nyumbani. Wanafunzi hao walichelewa kulala, lakini siku za masomo walipata takriban nusu saa zaidi ya mapumziko. Ni dhahiri kwamba ratiba ya awali ilikuwa ikiwanyima haki ya mwili.

Jambo hili laihusu Kyela kwa namna ya pekee. Nchi nzima hufuata saa moja ya ukutani, lakini jua halichomozi pamoja. Mwishoni mwa Juni, jua huchomoza Dar es Salaam saa 12 na nusu hivi. Kyela, iliyo mbali upande wa magharibi, hulipata karibu saa 1. Matema huchelewa hata zaidi, kwa kuwa Milima ya Livingstone hulizuia. Mwanafunzi wa huko anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi masomo ya ziada, huamka saa mbili kabla ya jua. Basi aliyesinzia darasani mwezi Julai 2020 hakuwa mvivu. Mwili wake ulikuwa bado usiku, na fimbo haibadili saa ya mwili.

Yafaa hekima ipatikane hapo. Shule zaweza kufungwa tena, kwa maradhi au kwa mafuriko ya mito ya bonde hilo. Zikifungwa, wazazi na walimu wakubaliane juu ya saa ya kuamka, na mtoto atoke nje asubuhi, shambani au kisimani, apate mwanga. Dawa hiyo haina gharama, na kwa kuwa nchini watu hawakufungiwa majumbani, ilikuwa mlangoni mwa kila kaya. Zikifunguliwa, masomo ya alfajiri yasianze siku ya kwanza. Saa zirudishwe kidogo kidogo. Kadhalika, wenye kupanga ratiba za wilaya walitazame jua la Kyela kabla ya kuitazama saa ya ukutani. Masomo anayofundishwa mtoto aliyelala nusu hayafidii chochote.