Aliyelia Hajapungukiwa Imani

Mwandishi mmoja anadai kwamba Mkristo aliyeokoka akilemewa na huzuni, basi imani yake ina ufa. Nakataa kabisa. Maneno hayo ndiyo yanayowafanya watu wafiche donda mpaka lioze.

Hapa Sericho, kaskazini mwa Kenya, Wakristo ni wachache miongoni mwa Waborana Waislamu. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipofyeka mifugo, nilimwona mwalimu mmoja akiongoza sala Jumapili kwa sauti kavu, kisha akajibanza nyuma ya tangi la maji, leso mdomoni, mabega yakitetemeka. Aliporudi alisema, "Bwana asifiwe, niko salama." Nani alimfundisha kusema hivyo?

Si Biblia. Yesu alilia Lazaro alipokufa. Eliya, nabii mzima, aliketi chini ya mti wa mretemu jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, naye akalala tena. Faraja ya Mungu ilianza na chakula na usingizi, mahubiri baadaye.

Ndugu mwandishi, futa kauli yako. Nawe msomaji unayeumia, mwambie mtu leo: mchungaji, muuguzi, hata jirani Mwislamu.