Taarifa ya mbunge isiyotaja kura ngumu ni salamu tu

Kila bunge la jimbo linapoketi nchini Marekani, wapiga kura hupokea kutoka kwa mbunge wao taarifa ya yale yanayoendelea. Zamani ilikuja kwa posta, siku hizi aghalabu huja kwa barua pepe. Hueleza miswada aliyoitunga, kamati anazohudumia, tarehe ya mkutano wake na wananchi na namna ya kuwasiliana na afisi yake.

Ni desturi njema, lakini taarifa hizo zina udhaifu unaojulikana. Nyingi hujaa picha za mbunge akiwa na wanafunzi, pongezi kwa wanariadha wa mtaa na orodha ya miswada aliyoiwasilisha. Ni chache zinazomweleza mwananchi jambo analohitaji zaidi kulijua, nalo ni jinsi mbunge alivyopiga kura siku ambayo kila uamuzi ulikuwa na gharama, na sababu yake.

Matukio ya mwaka wa 2025 katika jimbo la Minnesota yalionyesha kwa nini jambo hilo ni zito. Yalionyesha pia kwamba ukaribu baina ya mbunge na watu wake, ambao ndio msingi wa taarifa hizo, unaweza kugharimu maisha.

Bunge la Waakilishi la Minnesota lina viti 134. Kwa mujibu wa sensa ya 2020, jimbo hilo lilikuwa na watu milioni 5.7, kwa hivyo kila mbunge huwakilisha wastani wa watu 42,600. Ukitafuta mfano nchini Kenya, mbunge huyo hafanani na mbunge wa taifa, ambaye eneo lake lina wastani wa watu 164,000 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Anakaribiana zaidi na mwakilishi wadi, kwani Kenya ina wadi 1,450, na wastani wa kila moja ni watu wasiozidi 33,000.

Kiongozi wa kiwango hicho hukutana na watu wake dukani, kanisani na shuleni. Tena Katiba ya Minnesota hairuhusu bunge kuketi zaidi ya siku 120 katika kila kipindi cha miaka miwili, kwa hivyo muda mwingi mbunge huwa nyumbani miongoni mwa waliomchagua.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya ziada ya kufuatilia siasa za jimbo hilo. Vitongoji vya kaskazini mwa jiji la Minneapolis vina jamii kubwa ya wahamiaji kutoka Afrika, wakiwemo Wakenya. Mnamo Novemba 2024, wapiga kura wa eneo la 38A, linalojumuisha sehemu ya mji wa Brooklyn Park, walimchagua Bi Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuwa mbunge wao. Sehemu nyingine ya mji huohuo iliwakilishwa na Bi Melissa Hortman, aliyeingia bungeni mwaka wa 2005 na kuwa Spika kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2025.

Uchaguzi huo wa 2024 uliviacha vyama viwili vikuu vikiwa na viti sawa, 67 kwa 67. Upande mmoja ulikuwa chama cha Republican, na wa pili DFL, jina ambalo chama cha Democratic hutumia Minnesota. Kabla bunge halijaanza, mahakama iliamua kwamba mshindi mmoja wa DFL hakuwa mkazi wa eneo alilolinyakua. Kiti hicho kikabaki wazi, na Republican wakawa mbele kwa kiti kimoja hadi uchaguzi mdogo ufanyike.

Wabunge wa DFL walisusia vikao kuanzia Januari 14, 2025, ili wenzao wasipate akidi ya kuendesha shughuli. Mnamo Januari 24, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba akidi ni wabunge 68, hata kama kuna kiti kilicho wazi. Mapema Februari pande hizo zilipatana. Bi Lisa Demuth wa Republican akawa Spika, na ilikubaliwa kwamba vyama vikirejea kwenye usawa, kamati zitaongozwa na wenyeviti wawili, mmoja kutoka kila upande. DFL walikihifadhi kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa Machi 11, na usawa ukarejea.

Maana ya mapatano hayo kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa wazi. Mswada wowote ulihitaji kura 68 ili upite, na hakuna chama kilichokuwa nazo. Kwa hivyo mbunge aliyewaandikia watu wake mwaka huo kwamba amewasilisha mswada fulani hakuwa amewaambia lolote la maana, iwapo hakueleza pia kama mswada huo ulisikizwa na kamati na kama kulikuwa na mbunge wa upande wa pili aliyekubali kuuunga mkono. Maelfu ya miswada huwasilishwa katika kila kipindi cha bunge hilo, na sehemu kubwa hufia kwenye kamati bila kupigiwa kura.

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa bajeti. Katiba ya jimbo ililazimu kikao cha kawaida kifungwe kufikia Mei 19, 2025. Kazi haikuwa imekamilika, na iwapo bajeti haingepitishwa kufikia Juni 30, sehemu za serikali ya jimbo zingesimamisha huduma. Viongozi wa vyama na Gavana Tim Walz walikuwa wametangaza mapatano Mei 15. Sehemu mojawapo iliwachoma wengi ndani ya DFL: watu wazima wasio na vibali vya kuishi nchini wangeondolewa katika MinnesotaCare, mpango wa bima ya afya wa jimbo kwa watu wa kipato cha chini.

Sheria ya kuwaingiza watu hao katika mpango huo ilipitishwa mwaka wa 2023, DFL ikidhibiti mabunge yote mawili, na ikaanza kutumika Januari 1, 2025. Republican walidai kwamba gharama yake ingelemea jimbo. DFL walijibu kwamba mgonjwa asiye na bima huishia katika chumba cha dharura, ambako gharama ni kubwa zaidi. Maafikiano yaliwabakisha watoto katika mpango huo, lakini watu wazima walikuwa wapoteze bima mwishoni mwa 2025. Siku mapatano yalipotangazwa, baadhi ya wabunge wa DFL walisimama nje ya chumba cha mkutano na wanahabari wakipiga kelele za kupinga.

Mswada huo ulipigiwa kura katika kikao maalumu cha Juni 9. Ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65. Kura ya 68 ilikuwa ya Bi Hortman, mbunge wa pekee wa DFL katika Bunge la Waakilishi aliyesema ndiyo. Alikuwa ametia saini mapatano, na bila kura hiyo bajeti nzima ingekuwa hatarini.

Baada ya kura, hakujificha. Alisimama mbele ya wanahabari akibubujikwa na machozi, akakiri kwamba anajua kuna watu watakaoumia kutokana na kura aliyoipiga. Alieleza kwamba alifanya kile ambacho kiongozi hana budi kukifanya ili kazi ya wananchi ikamilike.

Mtu anaweza kuilaumu kura hiyo. Kwa mhamiaji mgonjwa wa kisukari ambaye bima yake ilikuwa ikatwe mwishoni mwa mwaka, maelezo ya mwanasiasa hayanunui dawa. Wabunge waliosema hapana nao walikuwa na hoja nzito ya kuwapelekea watu wao. Hata hivyo, hakuna mpiga kura wa Brooklyn Park aliyeachwa gizani kuhusu alikosimama mwakilishi wake, wala kuhusu kile alichokitoa na alichokipata. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kiini cha taarifa ya mbunge kwa wananchi. Mengine yote ni mapambo.

Siku tano baadaye, alfajiri ya Juni 14, 2025, mtu aliyevalia kama afisa wa polisi alifika nyumbani kwa Bi Hortman na kumuua pamoja na mumewe, Mark. Mapema usiku huohuo, Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyumbani kwao katika mji jirani wa Champlin, wakanusurika. Mshukiwa alikamatwa jioni ya Juni 15, na wachunguzi walisema walipata orodha za majina ya wanasiasa wengi na maafisa wengine.

Athari yake kwa uhusiano wa wabunge na wananchi ilionekana mara moja. Kwa muda mrefu, mabunge kadhaa ya majimbo yalikuwa yakichapisha anwani za nyumbani za wabunge. Hiyo ilikuwa fahari yao, ishara kwamba mwakilishi ni jirani anayeweza kubishiwa hodi. Katika siku zilizofuata mauaji hayo, Minnesota na majimbo mengine yalianza kuziondoa anwani hizo.

Hakuna anayeweza kuwalaumu. Tatizo ni kwamba kila ukuta unaojengwa kumlinda mbunge humtenga pia na mwananchi mwema. Mikutano ya hadhara ikipungua, mbunge atazungumza na watu wake kwa maandishi zaidi, na maandishi ni rahisi kuyapamba. Katika ukumbi, mama mmoja anaweza kusimama na kumuuliza mbunge: "Ulipigaje kura?" Barua haiulizwi maswali. Ndiyo maana, kadiri milango inavyofungwa, ndivyo ukweli wa kilichomo ndani ya barua unavyozidi kuwa na uzito.

Kenya ina la kujifunza hapa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi wadi kudumisha uhusiano wa karibu na wapiga kura na kushauriana nao kuhusu masuala yaliyo mbele ya bunge la kaunti. Wajibu huo, basi, si hisani. Lakini ni wakazi wangapi wanaoweza kutaja kura moja tu aliyoipiga mwakilishi wao kuhusu ushuru wa soko au mgao wa fedha za zahanati?

Kiu ya kujua ipo. Mnamo Juni 25, 2024, wabunge 195 walipounga mkono Mswada wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga, Wakenya hawakungoja kuelezwa. Orodha za majina na kura zilisambaa kwa simu siku hiyohiyo, huku vijana wakikabiliana na polisi nje ya Bunge. Wengi wa wabunge walianza kujieleza baada ya hasira kuwaka, ilhali maelezo yanayotolewa kwa woga hayamridhishi mtu.

Mwananchi anayepokea taarifa ya mwakilishi wake, awe Brooklyn Park au Nyamira, anapaswa kuipima kwa maswali matatu. Je, inasema mswada uliotajwa umefika wapi, au inasema tu kwamba uliwasilishwa? Je, inataja kura ambayo baadhi ya wasomaji wake wataichukia? Na je, inaeleza ni nani atakayeumia, au ni nani tu atakayefaidi? Taarifa isiyojibu hata swali moja kati ya hayo ni tangazo la kampeni, hata kama uchaguzi uko mbali.

Bi Hortman alijibu maswali hayo hadharani katika kura yake ngumu kuliko zote, ilhali angeweza kumwachia mwingine mzigo huo. Wapo watakaoendelea kubishana iwapo alipiga kura ilivyostahili. Wanaweza kubishana kwa sababu aliwaambia alivyopiga, na kwa nini.