Darubini ya Mwalimu na Macho ya Mlinzi

Askari anayelinda usiku hufundishwa tangu siku za kwanza za mafunzo kwamba kila kivuli kina mwenyewe, na kwamba yampasa amjue mwenyewe huyo kabla hajatumia silaha. Hatuna haja ya kuwarudia somo hilo wenzetu walioko Kasese na Bwera. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, wauaji wa kundi la ADF walivamia shule ya sekondari huko Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo hakuna mlinzi katika upande ule anayeweza kuona mwanga ndani ya uwanja wa shule usiku, akapita bila kuuliza. Wala asipite. Makala haya hayakuandikwa ili kumlegeza mtu yeyote.

Lakini mlinzi anayeuliza hana budi pia kulielewa jibu atakalopewa, na hapo ndipo tunapoona upungufu. Tueleze tuliyoyaona wenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita tulikuwa Bwera kwa shughuli za kikazi, tukafuatana na doria moja baada ya saa 20.00. Katika uwanja wa shule tuliona taa nyekundu hafifu, watoto wapatao ishirini wameketi majanini, na katikati yao kitu chenye miguu mitatu ya chuma kilichobeba bomba nene. Waya mbili zilitoka huko zikaingia katika kompyuta mpakato, yaani ile ndogo inayokunjwa, iliyokuwa juu ya dawati. Waya wa tatu ulikwenda kwenye betri ya gari. Tulipokaribia, bomba lile likaanza kujigeuza lenyewe kwa mlio wa mota. Halikuelekea juu. Liliteremka polepole mpaka likalala sambamba na ardhi, likitutazama sisi tuliokuwa tukija kutoka mashariki.

Msomaji ambaye ni askari anajua dakika ile ilikuwaje. Sajini aliyeongoza doria aliwaamuru vijana wake walale chini, kisha akaita:

"Nani hapo?"

"Ni mimi mwalimu, afande, pamoja na wanafunzi."

"Mwalimu, simamisha kitu hicho. Njoo mbele polepole, mikono tuione."

Mwalimu alikuja, jasho likimtoka. "Ni darubini, afande. Nimeiamuru ielekee Mshtarii, nayo imekataa."

Sayari ya Mshtarii ilikuwa juu ya vichwa vyetu, inang'aa kuliko nyota zote. Koplo mmoja kijana, aliyewahi kufanya kazi za redio, aliomba ruhusa ya kutazama kompyuta. Haukupita muda akasema, "Mwalimu, hapa umeandika saa mbili."

"Ndiyo, afande. Si ni saa mbili usiku?"

"Mashine hii haihesabu saa kwa Kiswahili. Inadhani ni saa mbili ya Kizungu, mchana. Andika saa 20.00."

Mwalimu akaandika. Bomba likanyanyuka, likapita juu ya vichwa vya watoto, na punde katika kioo cha kompyuta ikatokea Mshtarii na miezi yake minne imejipanga kando yake kama askari kwenye gwaride. Sajini akavua kofia, akachutama nyuma ya watoto, akatazama kwa muda mrefu.

Jambo lile liliishia kwa kicheko. Lakini tujiulize: kama doria ile ingeongozwa na kijana mwenye hofu na haraka, lingeishia wapi? Kosa la mwalimu lilikuwa la saa sita tu. Kwa kuwa dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, saa sita ni robo ya mzunguko. Chombo kilichotakiwa kutazama utosini kikatazama upeo wa macho. Kosa dogo la namba liliigeuza darubini ikafanana na mzinga mbele ya watu wenye bunduki.

Kwa hiyo tunasema kwamba elimu ya vyombo vya namna hii ni sehemu ya ulinzi, wala si anasa ya wasomi. Tukieleze chombo chenyewe.

Darubini ya siku hizi ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni bomba lenye vioo au lenzi, ambalo kazi yake ni kukusanya mwanga. Ya pili ni kitako chenye mota na kompyuta ndogo ndani yake. Hicho ndicho kinacholigeuza bomba na kulifanya lifuate nyota inavyosogea. Ya tatu ni kamera inayowekwa mahali ambapo mtu angeweka jicho. Mwalimu huunganisha kompyuta yake kwa waya mbili: mmoja wa kupeleka amri kwenye kitako, mwingine wa kuleta picha kutoka kwenye kamera. Faida yake ni kwamba darasa zima hutazama kioo kimoja kwa pamoja, badala ya watoto arobaini kupanga foleni huku nyota ikitoroka.

Kuunganisha huko kunataka utaratibu, na mtu wa mawasiliano jeshini atautambua mara moja. Kitako na kompyuta havisemi lugha moja. Lazima iwepo programu ya kuwafanyia ukalimani. Vitako vingi bado hutumia waya wa mtindo wa zamani ambao kompyuta za leo hazina tundu lake, hivyo huwekwa kiungo cha kuugeuza uwe wa USB. Kompyuta hukipa kiungo hicho namba, na programu ikitafuta namba nyingine, kitako hukaa kimya. Ni sawasawa na redio mbili zilizowekwa katika masafa tofauti: zote nzima, betri zimejaa, na hakuna asikiaye. Anayejua kazi hajipigi kifua wala hapigi chombo. Huanza na umeme, kisha waya, kisha namba, kisha programu, moja baada ya nyingine.

Hata mawasiliano yakipatikana, chombo hakijui kilipo wala ni saa ngapi mpaka kiambiwe au kiwe na kifaa cha kujitambulishia mahali. Huandikwa tarehe, saa, na mahali kwa nyuzi. Hapo ndipo wengi huanguka. Mashine kadhaa zilizotengenezwa kwa desturi ya Marekani hutaka mwezi utangulie siku. Tarehe 3 Novemba, 2013, jua lilipopatwa kabisa huko Pakwach, mtu aliyeiandikia mashine ya namna hiyo 3/11 alikuwa akiiambia kwamba ni tarehe 11 Machi, naye angepewa anga la karibu miezi minane iliyokwisha kupita. Na mtu wa Kasese akiandika nyuzi 30 magharibi badala ya mashariki, chombo huamini kuwa kiko katikati ya bahari ya Atlantiki, na anga lake hukosea kwa saa nne nzima.

Dawa ipo. Kamera ikipiga picha ya nyota, programu inaweza kuilinganisha na orodha ya nyota iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, ikatambua bomba linaelekea wapi hasa, kisha ikakisahihisha kitako. Ndivyo afanyavyo askari aliyepotea porini anapolinganisha vilima anavyoviona na vilima vya ramani. Kazi hiyo hufanyika bila intaneti.

Tena kuna jambo la Kasese peke yake. Vitako vya aina moja hutaka mhimili wao uelekezwe kwenye ncha ya anga ya kaskazini, ambapo juu ya mji wa London iko nyuzi 51 kutoka upeo wa macho. Kwetu, Ikweta inakatiza barabara karibu na Kikorongo. Ncha hiyo imelala chini kabisa, na ukiwa Bwera Milima ya Rwenzori imesimama mbele yake kama ukuta. Vitako vingi vya aina hiyo havikutengenezwa kulala kiasi hicho. Basi walimu wetu hupendelea vile vinavyokwenda kushoto na kulia, juu na chini, vikiongozwa na kompyuta. Kwa bahati mbaya, huo ndio mwendo wa mzinga, na ndiyo sababu usiku hutisha. Lakini fidia yake ni kubwa: mtoto wa Bwera, kwa mwaka mmoja, huweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini, Dubu Mkubwa na Msalaba wa Kusini pia, jambo ambalo mtoto wa Ulaya hawezi kulipata nyumbani kwake.

Wala darubini si mgeni katika mpaka huu. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, walikubaliana kwamba mstari wa nyuzi 30 mashariki ndio utakaotenganisha himaya zao upande huu. Waliuchora Ulaya juu ya karatasi, bila kujua kwa hakika unapita wapi ardhini. Mwaka 1907 na 1908 tume ya mpaka, iliyokuwa na maofisa wa jeshi ndani yake, ilizunguka katika nchi ya Rwenzori na vyombo vya kupimia. Mwaka 1910, huko Brussels, mstari ule uliachwa hapa, yakafuatwa milima na mito, ukiwemo mto Lubiriha. Tazameni ramani: Kasese iko mashariki kidogo ya nyuzi 30, na Bwera iko magharibi yake. Kwa mkataba wa 1894, Bwera ingekuwa Kongo. Tunalinda mpaka ambao hadithi yake imeandikwa kwa nyuzi zilezile anazoandika mwalimu katika kompyuta yake.

Afrika ya Mashariki yenyewe imekwisha kuwa na sehemu yake katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi wetu waliosomea Japani, ilirushwa Novemba 2022. Wahandisi wa kesho watatoka wapi, kama si katika viwanja vya shule kama kile cha Bwera?

Basi, ndugu zetu wa jeshi na polisi, mkikuta chombo cha namna hii, tunashauri hivi. Simameni mbali, mjitambulishe, mumwamuru mwenye chombo akisimamishe yeye mwenyewe kwa rimoti au kwa kompyuta. Msivute waya, maana mota ikiwa inazunguka mtavunja tundu na kupoteza kazi ya saa nzima. Ulizeni mwenyekiti wa LC na kituo cha karibu kama wana habari. Kisha mwambieni mwenyewe awaonyeshe: waya wa amri ni upi, wa picha ni upi, wa umeme ni upi, na kamera inaona nini sasa hivi. Maneno ya mtu yanaweza kudanganya. Lakini kioo kinachoonyesha Mshtarii na miezi yake kinasema kweli. Zimeni tochi nyeupe, mtumie nyekundu, kama mnavyofanya ili kuyahifadhi macho yenu. Na mchana asithubutu mtu kulitazama jua kwa darubini isiyo na kichujio chake mbele, atapofuka.

Hatusemi kwamba kila darubini haina hatia. Iliyoelekezwa angani ni somo, na iliyoelekezwa kambini au kivukoni ni jambo jingine, nalo lina sheria yake. Ndiyo maana mlinzi lazima ajue kutofautisha.

Walimu nao wana wajibu wao. Kabla ya usiku wa nyota, mwalimu apeleke taarifa kwa mwenyekiti, kwa polisi na kwa kamanda wa eneo, aseme siku, saa na mahali. Asitumie taa kali ya kijani kuonyesha nyota, kwa sababu huwapofusha marubani na kuwatia wasiwasi walinzi. Aandike saa yake kama askari: 20.00, siyo mbili. Na akijaribu chombo kwanza mchana, ndani ya darasa, na bomba limefunikwa, makosa ya waya na namba yatagunduliwa kabla ya giza.

Tunapendekeza pia kwamba wakuu wa vituo vya Kasese na Bwera wawaalike walimu hawa jioni moja, wawaonyeshe askari chombo kinavyounganishwa. Nusu saa yatosha. Kuuliza si ujinga, na hakuna cheo kinachopungua kwa kujifunza kwa mwalimu wa watoto.

Usiku ule tulipoondoka, sajini alimwacha konstebo mmoja akae karibu na uwanja mpaka watoto warudi mabwenini. Nyuma yetu tulimsikia mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba sasa watatafuta Kilimia. Watoto waliotazama juu bila hofu, katika shule iliyo karibu na mpaka, hao ndio tunaowalinda.