Nani Aliona?



Mwezi wa Novemba 1961, ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua Kindu, zikiwaletea walinzi wa amani mahitaji yao. Ndani yake walikuwamo Waitalia 13. Neno likaenea kwamba ni mamluki wa Tshombe, nao wakauawa wote. Siku zile hapakuwa na simu mikononi mwa watu. Uvumi ulitembea kwa miguu, na ulitosha kuua.

Leo uvumi una mabawa. Hapa Lokandu, habari za Kindu zilizokuwa zikingoja mtumbwi ushuke Lualaba sasa hutufikia mara tu mtandao unapopatikana: sauti isiyo na jina, picha isiyo na mahali wala tarehe. Nasi wakubwa wenu tumekosa pia, maana mara nyingi tumezituma mbele kabla ya kuuliza. Nyakati za uchaguzi hatari huzidi, kwa kuwa anayepiga kura kwa hofu iliyotungwa na mwingine hajachagua; amechaguliwa.

Wako wasemao kwamba dawa ni kufunga mitandao. Tumekwisha kuionja dawa hiyo. Baada ya kura ya Desemba 30, 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa muda wa siku 20 hivi. Kunyamazishwa si kuambiwa kweli. Gizani kila kisiki huonekana mtu.

Kilichofaa siku zile ni mashahidi. Baraza la Maaskofu (CENCO) lilikuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000 katika vituo vya kura. Hao waliandika waliyoyaona, si waliyoyasikia. Ndiyo maana matokeo yalipotangazwa Januari 2019, maaskofu waliweza kusema wazi kwamba hayakulingana na hesabu za waangalizi wao. Hawakupewa walichokitaka, lakini hakuna aliyeweza kuwaita wazushi.

Basi amri ya nane, ikatazayo ushuhuda wa uongo, inaingia hata ndani ya simu. Kabla ya kutuma, tuulize: Nani aliona? Wapi? Lini? Habari isiyo na jibu ifie mikononi mwetu. Na siku ya kura itakaporudi, tusingoje sauti zisizo na majina: sheria yataka matokeo yabandikwe penye kila ofisi ya kura. Twendeni tukayasome kwa macho yetu, tuyaandike, ndipo tuseme.