Kwenye Mahari Mweupe, Kwenye Kura Mwarabu!

 MWENZENU nimechoka, maana nyumbani kuna wageni. Si wageni wa kula na kuaga, ni wageni wa kuhesabu ng'ombe. Umbeya huo nitawamwagia, msiwe na haraka. Ngoja kwanza niwarudishe nyuma, kwa sababu hesabu hii ya ng'ombe imenikumbusha hesabu nyingine iliyowahi kunivurugia ndoa: hesabu ya kura.

Kwa wasionijua, mimi ni chotara. Mama yangu ni Msukuma wa Tinde, wa kulima pamba kwa jembe la mkono. Baba yangu ni mtu wa duka, Shinyanga mjini. Babu yake alikuja na Waarabu wa Tabora enzi za misafara, na tangu hapo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuikanyaga Muscat wala kutumiwa hata kadi ya Idi kutoka huko. Kiarabu chetu kinaishia kwenye dua. Kisukuma je? Hebu nitukane kwa Kisukuma uone nitakavyokujibu.

Sasa mnawajua Wasukuma na weupe. Nilipoolewa mwaka 2002, shangazi wa upande wa mume alinizunguka kama mtu anayenunua ndama mnadani, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu ni mweupe gete!" Wazee wakakaa chini ya mti. Walianzia ng'ombe 15, wakaishia 32. Shoga yangu mmoja, mweusi, mzuri kuniliko mimi na ana cheti chake cha ualimu, aliolewa mwaka huohuo kwa ng'ombe 18. Yaani ng'ombe 14 ni za ngozi tupu! Mnadhani nililalamika? Thubutu! Nilitembea Kahama nzima kama vile nimevishwa taji la Miss Tanzania. Naungama mbele yenu.

Basi bwana, ikaingia 2005. CCM inamtafuta wa kumrithi Mzee Mkapa. Mwezi Mei majina matatu yakafika mkutano mkuu kule Chimwaga, Dodoma: Jakaya Kikwete, Dk. Salim Ahmed Salim na Profesa Mark Mwandosya. Sisi tulikuwa Kahama. Baba watoto wangu kwao ni Nyarugusu, Geita, ukoo wa wachimbaji. Alikuwa na karasha yake ya kusagia mawe ya dhahabu, na jioni kijiwe chake cha kahawa kilikuwa hapohapo nje ya duka letu. Mimi nipo ndani nambembeleza binti yetu, aliyezaliwa 2003, huku sikio liko nje. Si mnanijua tena.

Kijiwe kikaanza. Kikwete je? "Yule ana tabasamu bwana!" "Mtanashati." "Anasalimia mpaka wapiga debe." Mwandosya? "Profesa. Atatusomesha." Salim? "Yule Mwarabu." Kwisha habari yake.

Nikashangaa. Huyu ni mtu aliyekuwa balozi Cairo akiwa na miaka 22 tu. Mwaka 1984, Sokoine alipofariki, yeye ndiye aliyeshika Uwaziri Mkuu. Alikaa Ukatibu Mkuu wa OAU kuanzia 1989 hadi 2001. Mwaka 1981 alikaribia kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ndiyo ikamwekea kizingiti. Mzaliwa wa Pemba, mtoto wa nchi hii. Yote hayo yakafutwa kwa neno moja. Na wakati huo yalikuwa yanazagaa maneno ya Hizbu, chama kile cha Zanzibar cha kabla ya Mapinduzi ya 1964, na hata ya kifo cha Mzee Karume cha mwaka 1972. Pale kijiweni hakuna aliyekuwa na ushahidi, lakini kila mmoja alikuwa na uhakika.

Halafu mmoja akasema, tena kwa sauti ya kuchoka kabisa: "Arudi kwao Oman."

Sauti niliijua. Ilikuwa ya baba watoto wangu.

Nilitoka nje na mtoto kiunoni. Nikamuuliza, "Na huyu naye arudi wapi?" Vikombe vikasimama hewani. Mshikaji mmoja akajitia kuniokoa: "Shemeji, wewe si Mwarabu wa namna hiyo. Wewe ni wetu." Loh! Afadhali angenyamaza. Baba watoto akasema nisichanganye mambo, ndoa ni ndoa na urais ni urais. Siku tatu alikula ugali mkavu. Mboga ilikuwa imerudi kwao Oman.

Siku ya nne ndipo tukazungumza kama watu wazima. Nikamwambia, mbona hapo jirani, Igunga, Wanyamwezi na Wasukuma wanampa ubunge Rostam Aziz, na asili yake ni huko Uajemi? (Aliendelea kushinda mpaka alipojiuzulu mwenyewe Julai 2011.) Jibu lake sijalisahau. Akasema mbunge ni mtu wa kukuletea bomba la maji na bati za shule. Ukimwona ana uwezo unampa, hata kama angetoka mwezini. Rais ni baba. Baba unataka ufanane naye, ukiangalia picha yake ukutani uone pua yako.

Nilikasirika, lakini sikuwa na la kujibu kwa haraka, maana nilijua pua ya baba yangu mimi wateja waliionaje. Walimwona nyuma ya kaunta. Mizani huku, daftari la madeni kule. Msimu wa njaa mkulima anakopa sukari na kanga, msimu wa pamba anakuja kulipa, na daftari haliko mkononi mwake. Baba yangu hakuwa mwizi, naapa, ila hata mtu mwaminifu akikudai kila mwaka unamchoka. Na Usukumani mizani ina historia yake. Miaka ya 1950 wakulima walichoshwa na wanunuzi wa pamba wa Kihindi waliosemwa kuwa wanawapunja kwenye mizani, ndipo kina Paul Bomani wakasimamisha ushirika mpaka ukawa Victoria Federation. Watoto wa wakulima hao ndio waliokuwa wanakunywa kahawa kijiweni petu. Waliposema "Mwarabu" hawakuwa wanamwona Salim na miaka yake 12 ya Addis Ababa. Walikuwa wanaliona daftari.

Sasa wapenzi, mnisubiri niwape na ya upande wangu, maana safu hii haina upendeleo. Matokeo ya Chimwaga: Kikwete kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Siwezi kusema ngozi peke yake ndiyo iliyofanya kazi, kwani Kikwete alikuwa amekosa nafasi hiyo kwa kura chache mwaka 1995 na alikuwa na miaka kumi ya kujipanga. Ilipofika Desemba 14, 2005, mimi niliyemnyima mume mboga kwa kumpima mtu kwa ngozi, nilimpigia nani? Kikwete. Kwa nini? Saluni nzima tulikuwa tunamwita HB! Alipita Kahama akapunga mkono upande wetu, na mpaka leo tupo wanawake kama sita ambao kila mmoja anaamini alipungiwa yeye. Ilani sikufungua hata jalada. Mume alipima ngozi, mke akapima meno, na nchi nzima ikampa asilimia 80.

Haikuanzia kwetu lakini. Mwaka 1995 nikiwa msichana wa shule niliwaona vijana wakilisukuma gari la Mrema kana kwamba petroli imepigwa marufuku. John Cheyo, mwenyeji wa Bariadi, enzi hizo bado ipo ndani ya Mkoa wa Shinyanga, alijulikana kwa jina la Mapesa, na bibi mmoja wa Tinde aliniambia atampa kura kwa sababu "jina lenyewe linashibisha". Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliwasema wanaoulizana makabila, akawauliza kama wanataka kwenda kutambika. Watu walicheka sana. Halafu wakaendelea kuulizana.

Mwaka 2015 tulikuwa tumeshahamia Geita, na mgombea ni Magufuli wa Chato, hapohapo mkoani. Hapo ndipo niliyaona mambo. Anapanda jukwaani, anamwaga Kisukuma, watu wanapagawa. Anapiga pushapu mbele ya umati ili waone nani ana afya, na upande wa Lowassa nao vijana wanapiga deki lami ili apite. Nilimuuliza muuza vocha mmoja wa Katoro kwa nini anampenda Magufuli. Kuhusu barabara hakusema kitu. Alisema, "Anaongea kama baba mdogo." Na baba watoto wangu? Picha aliibandika ukutani, akasimama pembeni yake. Nikamwambia pua hazifanani hata kidogo.

Ila kuna wakati mzaha unaniishia. Mwaka 2010 pale Nzega, Hussein Bashe aliongoza kura za maoni za CCM, halafu chama kikamwondoa kwa madai kuwa si raia, eti asili yake ni Msomali. Baadaye Serikali yenyewe ikasema ni raia. Mwaka 2015 watu wa Nzega wakamchagua, na baadaye akawa Waziri wa Kilimo. Lakini ile miaka mitano nani alimrudishia? Na huku kwenye ukanda wa dhahabu tunajua ngozi inaweza kufika wapi. Kuanzia 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa kwa imani za kishirikina za kutafuta utajiri, na uchaguzi ukikaribia hofu ilikuwa inapanda zaidi. Nina jirani aliyekuwa anamfungia mwanawe ndani ikifika saa kumi na mbili jioni. Mwaka huohuo wa 2010, watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwan, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Nilimpelekea jirani gazeti lenye ile picha. Alilikunja, akaliweka kabatini pamoja na vyeti vya mtoto.

Machi 19, 2021, tulikuwa sebuleni tukimtazama Mama Samia akiapa. Binti yangu, miaka 18 wakati huo, alikaa chini karibu na televisheni utadhani anatafuta kitu kilichodondoka. Akaniuliza, "Mama, kumbe mtu anaweza kuwa mwanamke, Mzanzibari, amejifunga mtandio, na akawa?" Baba yake akajikohoza. Kijiweni siku hiyo walisema yale yale, mwanamke tena wa visiwani. Septemba, machifu walipomsimika pale Kisesa na kumpa jina la Hangaya, kijiwe kilekile kikasema huyu sasa ni wetu. Kisha 2023 ukaja mkataba wa bandari na DP World ya Dubai. Yalikuwepo maswali ya maana kabisa, ya vifungu na ya muda, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Ila kuna waliouliza kuhusu mkataba huku wananitazama mimi. "Hao Waarabu wenu." Nikawajibu kwa Kisukuma, na neno nililotumia mhariri hatalichapa.

Haya, turudi kwa wageni.

Wamekuja kumchumbia huyohuyo binti. Wazee wanne kutoka Masumbwe, na mshenga wao ana sauti kama trekta. Wamekaa chini ya mwembe na baba watoto wangu, mimi nipo jikoni, sikio nje kama kawaida. Mshenga akasema, "Binti yenu ni mweupe gete." Mwenzangu akakaa vizuri kitini. Nikaisikia sauti yake, ileile ya 2005, inasema: "Ndiyo maana tunaanzia 40."

Mwiko ulinidondoka. Nikatoka nje, nikawapa wageni heshima zao, nikapiga goti, kisha nikasema: "Wazee, samahani. Kabla ya ng'ombe, muulizeni baba yake kama mtoto huyu anaweza kuwa rais."

Kimya. Baba watoto akaiangalia mwembe kama vile anahesabu maembe. Mshenga akauliza kwa wasiwasi, "Kwani anagombea?"

Binti ndiyo kwanza anafika na jagi la maji ya kunawa. Akawamiminia mmoja mmoja, na bila hata kuinua uso akasema, "Bado, babu. Katiba inataka miaka 40. Mpaka 2043 nitakuwa hapahapa nawapikia wajukuu."

Wazee wakatazamana. Wakasogea pembeni kunong'ona. Waliporudi, mshenga alikuwa ameongeza ng'ombe wawili.