Aliyekwambia Ukimbie

Mwezi huu naomba ukae na watoto uiangalie tena The Lion King, ile katuni ya Disney ya mwaka 1994 yenye majina ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Utasema ni ya watoto. Subiri kwanza.

Mfalme anauawa na ndugu yake, mtoto anabaki na mzigo. Hiyo ni Hamlet ya Shakespeare, ya zaidi ya miaka 400 iliyopita. Ila Hamlet anaambiwa muuaji ni nani. Simba hajui. Baba mdogo wake, Scar, anaua, halafu anamwambia mtoto: kosa ni lako, kimbia. Na mtoto anakimbia kweli!

Wangapi tuko hivyo? Ndoa imevunjika, ukaambiwa chanzo ni wewe, ukaamini, ukahama mji.

Timon na Pumbaa ni wale wachekeshaji wa kila hadithi. Nawapenda, walimwokoa jangwani. Lakini yaliyomkimbiza hawakutaka kuyasikia. Hakuna matata, basi! Nala ndiye anayemwambia nyumbani kunaangamia, na mzee Rafiki anamgonga fimbo ya kichwa. Simba anarudi, na ukweli unatoka kinywani mwa Scar mwenyewe. Uongo ule uliishi kwa sababu Simba alikaa mbali.

Basi shosti, na wewe kaka, marafiki wa kucheka nao ni wazuri. Ila mtafute na anayethubutu kukuuliza: nani alikwambia ukimbie, na alifaidika nini?